Bodi Haikatwi, Huvunjwa

Ukiikata bodi ya saketi kwa msumeno wa chuma, meno huisha makali upesi, nawe utailaumu shaba bure. Shaba yenyewe ni utando wa maikromita 35, kama nusu ya unene wa unywele. Mla meno yuko chini yake: kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa gundi ya epoksi. Vyote pamoja, milimita 1.6.

Tuseme fundi wa Nakivale, makazi ya Isingiro, Uganda, yanayopokea wakimbizi tangu 1958, anataka bodi ya ukubwa wa kiberiti ya kudhibiti chaji ya sola. Kipande alichokileta kutoka Mbarara ni kikubwa kama daftari. Mezani ana kisu, rula ya chuma na tupa. Vinatosha. Anavuta ncha ya kisu juu ya mstari uleule mara kumi, ishirini, bila pupa, kisha anaigeuza bodi na kuchanja upande wa pili, mfereji ukikabili mfereji. (Mistari ikipishana, ufa hujichagulia njia.) Anaulaza mstari kwenye ukingo wa meza, anakandamiza kwa kiganja: ta! Tupa inamalizia.

Usiidharau njia hiyo. Viwandani nako bodi nyingi huchanjwa pande zote mbili, ikabaki takriban theluthi ya unene, ndipo humegwa.

Anayeng'ang'ania msumeno aulaze. Wenye meno 32 kwa inchi, ukisimama wima, hugusa unene huo kwa meno mawili tu na kukwama. Ukilazwa hadi digrii 30 kutoka usawa wa bodi, manne. Vumbi lake ni vioo vinavyowasha ngozi na koo: lowesha mstari, futa kwa kitambaa chenye maji, usipulize.

Kazi ya pili ya kisu ndiyo ninayoipenda zaidi. Badala ya kuila shaba kwa feri kloridi, dawa inayotia madoa kila iguswapo, unachanja mistari miwili sambamba, unapasha ukanda wa katikati kwa pasi ya kulehemu, gundi inalegea, unaubandua kwa kibanio. Vinabaki visiwa vya shaba, kila kimoja na waya wake.

Paul Eisler, anayesifiwa kwa kubuni saketi za kuchapwa, naye hakuanzia kiwandani. Alikuwa Myahudi wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936, akaunda redio yake katika chumba cha kupanga huko Hampstead, London. Vita vilipoanza, wenyeji wake walimweka kizuizini kama raia wa nchi adui.