Mizizi katika Mabomba ya Maji Machafu: Tusikimbilie Shoka

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita alitujia mwanachama mmoja, mtu wa makamo, akataka tumsaidie kuomba kibali cha kukata mkarafuu wake ulio nyuma ya nyumba. Tulipomwuliza sababu, alisema mti ule umemzibia bomba la choo mara tatu tangu vuli, na maji machafu sasa yachuruzika mpaka ukingoni mwa sakafu anayoanikia karafuu. Tulifuatana naye kwenda kutazama. Tuliyoyaona huko twayaandika hapa, maana shida hii si yake peke yake.

Kwanza yatupasa kujua vipi mzizi huingia katika bomba. Watu wengi hudhani mzizi hulipasua bomba kwa nguvu zake. Mara nyingi sivyo. Bomba zima lisilovuja halina cha kuuvutia mzizi. Lakini bomba likiwa na ufa, au kiungo chake cha saruji kimelegea, unyevu hutoka nje kidogo kidogo, na mizizi myembamba kama unywele huufuata unyevu ule mpaka tunduni. Ukishaingia ndani hukuta maji na chakula kila siku, basi hunenepa na kuchipua mingine mingi, mpaka huwa kama fungu la makumbi. Hapo mafuta ya jikoni, karatasi na uchafu hunasa, na njia huziba. Na mzizi unaponenepa ndipo unapopanua ule ufa.

Dalili zake ni hizi. Maji hushuka polepole na bomba hutoa sauti ya kugugumia. Ukizibua, baada ya wiki chache huziba tena pale pale. Na juu ya ardhi, majani huwa mabichi mahali pamoja hata wakati wa kaskazi, ambapo kwengine kote yamekauka.

Jambo hili si la kupuuzwa. Maji ya choo yakitapakaa uwanjani hufika visimani, na huwafikia watoto wanaocheza. Sote twakumbuka kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016 hapa Visiwani. Na karafuu iliyoanikwa karibu na maji hayo haifai kupelekwa kwa mnunuzi yeyote.

Sasa twaeleza la kufanya.

Fungua chemba iliyo karibu, utie ufito mrefu wa mwanzi au waya mgumu wa kuzibulia. Ukigota, tia alama kwenye ufito pale mdomoni mwa bomba, kisha uutoe. Ulaze juu ya ardhi kwa kufuata njia ya bomba, nawe utajua penye kasoro. Chimba hapo kwa jembe, taratibu. Vaa viatu na mipira ya mikono, na ukimaliza oga kwa sabuni.

Ukilifikia bomba, usikate kitu kwanza. Ufuate mzizi ulioingia ujue umetoka mti gani. Kwa mwanachama wetu tuliufuata mzizi ule, ukapita chini ya mkarafuu bila ya kuugusa, ukaenda mpaka kwenye mkungu ulio mpakani, zaidi ya futi 25 kutoka pale. Mkarafuu ulikuwa ukisingiziwa. Lau shoka lingetangulia, mti ungekwenda na bomba lingeziba tena.

Kata mzizi kwa msumeno mkali, mkato safi, karibu na bomba. Mizizi minene iliyo karibu na shina iache, kwani ndiyo inayoushikilia mti wakati wa upepo. Mkarafuu nao una mizizi mingi midogo karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo usichimbe handaki kubwa chini yake.

Kisha ondoa kipande kibovu. Kupaka saruji juu ya ufa ni dawa ya muda mfupi. Weka bomba la plastiki la inchi 4, refu, ili kusiwe na kiungo karibu na mti, na viungo vyake vitiwe gundi barabara. Lilaze juu ya mchanga, na mteremko uwe robo inchi kwa kila futi. Mimina ndoo mbili za maji kabla ya kufukia, uone kama kuna panapovuja. Ikiwa nafasi ipo, ni bora zaidi kulipitisha bomba mbali na miti.

Wako wanaotumia mrututu. Ni kweli mrututu huua mizizi unayoigusa, lakini hauzibi ufa, na mizizi mipya hurudi. Tena ni sumu. Huua vijidudu vinavyoozesha uchafu ndani ya karo, na shaba yake hubaki ardhini. Kwetu sisi, ambao wengi twanywa maji ya visima, twaona usitumiwe. Chumvi nyingi nayo huharibu udongo, na mafuta ya taa au petroli yaweza kuleta moto.

Kwa wanaojenga sasa, miti mikubwa kama mkungu, mfenesi na mwembe ipandwe futi 30 au zaidi kutoka kwenye bomba, na karo liwe futi 100 kutoka kisimani.

Ndugu zetu, mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, na ukitunzwa waweza kumzalia mtu, mwanawe na mjukuu wake. Bomba hutengenezwa kwa siku mbili. Ndiyo maana sheria yataka kibali kabla ya kuukata, nasi twaomba kila mwenye shida kama hii atuite kwanza tutazame pamoja.

Mwanachama wetu hakuomba kibali tena. Bomba limebadilishwa, sakafu imekauka, na mkarafuu ungali umesimama.

Wabillahi tawfiq.

Katibu