Fundi wa Mbali Asiyeitwa

Programu za kuhudumia kompyuta kwa mbali humwezesha fundi aliyeko mji mwingine kuona skrini ya mteja, kusogeza kipanya chake, kufungua mafaili na kuweka programu mpya bila kuinuka kitini. Mashirika yenye matawi mengi huzitegemea kila siku, na TeamViewer na AnyDesk, zote kutoka Ujerumani, ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Uwezo huohuo ndio anaoutamani mdukuzi, naye alijifunza zamani kuvaa joho la fundi.

Mwaka 1998, katika mkutano wa DEF CON huko Las Vegas, kundi la wadukuzi wa Marekani liitwalo Cult of the Dead Cow lilitoa Back Orifice, jina la kuidhihaki BackOffice ya Microsoft. Kundi hilo liliinadi kama zana ya usimamizi, lakini programu yenyewe ilijipachika kimyakimya na kufanya kazi bila mwenye kompyuta kuona dalili yoyote. Fundi wa halali ana haja gani ya kujificha?

Baadaye ujanja huo ukawa biashara. Programu iitwayo LuminosityLink iliuzwa kwa dola 39.99 kama chombo cha wasimamizi wa mifumo. Hata hivyo, matangazo yake yalijivunia kwamba inawekwa bila mwathirika kuarifiwa, inanasa kila herufi anayobonyeza, inamchungulia kwa kamera na kuikwepa antivirusi. Mtengenezaji wake, kijana wa Kentucky, alikiri mahakamani kuwa alijua baadhi ya wateja waliitumia kuingilia kompyuta za watu bila ridhaa yao. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi 30. Mwaka uliofuata polisi wa Australia na wenzao wa nchi nyingine waliizima Imminent Monitor, programu nyingine ya aina hiyo, iliyokuwa imepata wanunuzi zaidi ya 14,500 katika nchi 124.

Siku hizi mhalifu hahitaji hata kutengeneza cha kwake. Januari 2023 mamlaka ya usalama wa mitandao ya Marekani, CISA, ilitahadharisha kuhusu walaghai waliotumia programu halisi za huduma ya mbali, AnyDesk na ScreenConnect, dhidi ya watumishi wa serikali. Mtumishi alipata barua pepe iliyojifanya imetoka dawati la huduma, akaelekezwa kwenye kiungo au namba ya simu, kisha akapakua programu iliyokwisha kuunganishwa na seva ya walaghai. Akashawishiwa kufungua akaunti yake ya benki huku wao wakiwa ndani. Hapo wakabadilisha tarakimu zinazoonekana kwenye skrini, ikawa kana kwamba amerudishiwa fedha kupita kiasi, wakamwomba arejeshe ziada. Benki yenyewe haikuwa imeingiza hata senti moja, na alichokuwa akituma ni akiba yake.

Antivirusi hukaa kimya mbele ya hila hii kwa sababu faili ni la kampuni ya kweli na lina saini yake ya kidijitali. Tena faili la namna hiyo laweza kuendeshwa bila kusakinishwa, hivyo halihitaji idhini ya msimamizi wa mfumo. Mawasiliano yake nayo huanzia ndani ya ofisi kwenda nje, kama ya kivinjari cha kawaida. Kinachotofautisha huduma na uvamizi ni ridhaa ya mwenye kompyuta, na hiyo mashine haiwezi kuiona.

Kwa hiyo kinga ya ofisi huanza na orodha fupi ya programu zinazoruhusiwa. Nyingine zote huzuiwa, hata zile zisizosakinishwa. Kwa mtu wa nyumbani, simu ya fundi ambaye hakumwita yatosha kuwa sababu ya kukata. Aliyekwisha kunaswa huitoa kompyuta kwenye intaneti kwanza, hubadilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, na kuiarifu benki. Kufuta programu iliyoonekana hakutoshi, kwani mvamizi mara nyingi huacha ya pili pembeni.