Muda wa Kufikiri na Haki ya Mgawo

Wahenga walisema kwamba hasira ni hasara. Je, usemi huo waweza kupimwa kwa majaribio?

Mwaka 1982 wataalamu wa uchumi wa Ujerumani Magharibi, Werner Güth, Rolf Schmittberger na Bernd Schwarze, walichapisha jaribio lifuatalo. Mtu hupewa fedha na kutakiwa kupendekeza namna ya kuzigawa kati yake na mwenzake. Mwenzake akikubali, kila mmoja huchukua fungu lake. Akikataa, wote wawili hukosa. Kwa hesabu tupu, hata senti moja ingepokewa. Lakini watu wengi hulikataa fungu dogo mno, kwani huona afadhali kukosa kuliko kudhulumiwa.

Mwaka 2011 Veronika Grimm na Friederike Mengel waliwangojesha wapokeaji kwa dakika 10 hivi kabla ya kujibu. Bila ya kungoja, mafungu madogo yalikataliwa karibu yote; baada ya kungoja, sehemu kubwa ilikubaliwa. Fedha zilikuwa zile zile. Huenda ghadhabu ndiyo iliyopoa.

Je, ukarimu nao hubadilishwa na muda? Mwaka 2012 David Rand, Joshua Greene na Martin Nowak waliwaweka watu katika makundi ya wanne. Kila mmoja aliweza kuchangia mfuko wa pamoja, ambao uliongezwa maradufu na kugawanywa sawasawa. Waliohimizwa kuamua katika sekunde 10 walichanga zaidi ya waliotakiwa kungoja. Ikadhaniwa kwamba ukarimu hutangulia na hesabu hufuata.

Hata hivyo, mwaka 2017 maabara 21 zilirudia jaribio hilo kwa watu zaidi ya 3,500. Washiriki wote walipohesabiwa, tofauti haikuonekana. Ilijitokeza tu walipoondolewa wale walioshindwa kutii muda, nao walikuwa wengi zaidi katika kundi la walioharakishwa. Kufanya hivyo ni sawa na bwana shamba kulinganisha mbegu mbili baada ya kung'oa miche dhaifu katika jaruba moja tu.

Basi msomaji na atofautishe mambo mawili. Muda waweza kupunguza ukali wa kukataa. Haujathibitika kuongeza wala kupunguza ukarimu. Tena, kukubali si ushahidi wa haki. Msuluhishi anayemngojesha mdai mpaka apoe hana budi kujiuliza: je, fungu limekuwa la haki, au mdai amechoka tu kulikataa?