Fundi na Uzi Wake (Sehemu ya Tatu)

Waliofuata makala haya tangu mwanzo wanamjua Anni Albers, Mjerumani aliyeingia shule ya Bauhaus mwaka 1922 akitamani uchoraji, akaishia karakana ya ufumaji. Habari za siku hizi za kompyuta zinazobuni vitambaa kwa dakika moja zimenirudisha kwake, maana tayari wapo wanaouliza ufundi wa mikono una faida gani tena.

Stashahada yake ya mwaka 1930 aliipata kwa kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi, Bernau. Selofani upande wa mbele iliakisi mwanga. Nyuzi za shenili, laini kama manyoya, upande wa nyuma zilimeza mwangwi. Kitambaa kama hicho hakibuniwi na mtu asiyejua uzi gani unakubali nini. Kwa Albers, huo ndio ubingwa: kuitii mali ghafi mpaka ikuoneshe njia.

Na yeye alimtii nani? Hapa nivumilieni, sichoki kulisimulia jambo hili. Kitabu chake *On Weaving* cha mwaka 1965 alikitunuku kwa wafumaji wa Peru ya kale, akiwaita walimu wake wakuu. Watu wale walifunga ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, mtini au nguzoni, nyingine kiunoni mwa mfumaji. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Akisogea mbele, zinalegea. Kwa vijiti na kamba tu walifuma nguo za tabaka mbili kwa pamoja, na nguo zenye pindo pande zote nne, zisizohitaji mkasi, kwani kila moja ilifumwa kwa kipimo chake. Viwanda vyetu vinavyotupa marobota ya vipande vingejifunza adabu hapo! Alipohamia Marekani mwaka 1933 na kufundisha Black Mountain College, Albers aliwafumisha wanafunzi kwa chombo hichohicho. Mwaka 1949 jumba la sanaa la MoMA, New York, likamwandalia maonyesho ya peke yake, heshima ambayo halikuwa limewahi kumpa mfumaji yeyote kabla yake.

Mashine hakuichukia, alibunia viwanda pia, ikiwemo kampuni ya Knoll. Alichokataa ni kubuni bila kugusa. Kompyuta nayo ipimwe hivyohivyo.

Walimu wakuu wa shule zetu, nawasihi: kabla hamjanunua kompyuta nyingine, wapeni watoto uzi, vijiti na saa moja kwa wiki.