Pampu Mpya Imeharibika, na Duka Linasema "Ongea na Ajenti"

Kitu kipya kikikufia mkononi baada ya wiki mbili, mara nyingi ubishi na duka hauhusu hata hicho kitu. Unahusu ulikinunua lini, wapi, na pesa ilimwendea nani. Kama ulilipa kwa simu, majibu ya maswali hayo tayari unayo mfukoni.

Mjomba wangu hulima nyanya upande wa Sagana. Alinunua pampu ya maji ya petroli kwa shilingi 28,500, waranti miezi sita. Siku ya pili ikaanza kuvuja pale shafti inapoingilia. Wiki ya tatu ikakataa kabisa kuvuta maji. Dukani wakamwambia hayo si yao, aipeleke kwa ajenti Nairobi. Ajenti akakaa nayo wiki tano, kila ukipiga simu ni "spea bado haijafika." Mwishowe jibu likaja: sili imeungua kwa sababu pampu iliwashwa bila maji, waranti haipo tena, na alipe shilingi 3,000 za ukaguzi ndio aichukue. Wakati huo nyanya zinatoa maua, na yeye anabeba maji kwa mitungi ya lita 20.

Tuseme ukweli, hicho kisingizio kina akili. Pampu ikizunguka kavu, sili huungua haraka kwa sababu maji ndiyo huipoza. Ndiyo maana hakuna haja ya kubishana na fundi kwa maneno matupu. Mjomba alikuwa na video aliyomtumia muuzaji kwa WhatsApp siku ile ya pili: maji yanatoka vizuri kwenye mpira, na pampu inavuja. Muuzaji alijibu, "Tumia tu, itajikaza." Kadi ya waranti haikuwa imepigwa muhuri, lakini ujumbe wa malipo ulikuwa na tarehe, saa, kiasi, nambari ya muamala na jina la duka.

Kisheria, aliyekuuzia ndiye mliyeafikiana naye, si ajenti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji wa bidhaa hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Kwa hivyo barua ya mjomba ilimwendea mwenye duka: ukurasa mmoja, picha za ujumbe zimeambatishwa, siku 14 za kubadilisha pampu au kurudisha pesa, la sivyo Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza pia kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Siku ya tisa alipigiwa simu akachukue pampu nyingine. Nyanya zilizokauka hakuna aliyemlipa.

Sasa fikiria kama angelipia kwa nambari ya kibinafsi ya yule kijana wa kaunta. Ujumbe ungeonyesha jina la kijana, na mwenye duka angesema hamjui, aliacha kazi mwezi jana. Ukiambiwa "tuma kwa hii yangu, till ina shida," subiri till ipone au nenda duka jingine. Kabla ya kuweka PIN, hakikisha jina linalotokea ni la biashara, kisha uitishe risiti yenye nambari ya mashine uliyonunua.

Jambo lingine tunaloulizwa kila wiki: mnaweza kunirudishia pesa kwa sababu bidhaa ni mbovu? Hapana. Kurejesha muamala ni kwa pesa iliyoenda kwa mtu usiyemkusudia. Ukidai ulikosea nambari ilhali ulinunua kitu, unampa muuzaji sababu ya kukushtaki wewe.

Na ukiwa ulishafuta ule ujumbe, usihofu. Itisha taarifa ya miamala ya mwezi huo, malipo yatakuwa humo na nambari yake ile ile. Iambatishe kwenye barua, mpe mwenye duka nakala, na akutilie sahihi kwamba ameipokea.