Panya wa Jikoni

Leo nasimulia habari ambayo watu huionea haya. Niliificha miaka mingi, nami naitoa sasa kwa sababu naamini wako wengine kandokando ya Ziwa Victoria, toka Magu mpaka Sengerema, wanaoificha kama nilivyoificha mimi.

Mimi ni karani wa parokia. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu wenzangu walinitania kwa unene, nikaapa kwamba nitapungua. Nikaoa, nikapata watoto, na kiapo kile sikukiacha. Asubuhi sikunywa uji. Mchana, wengine walipokula ugali kwa sato, mimi niliinamia daftari la ubatizo nikajifanya nina kazi nyingi. Wali nilijikataza, na viazi vitamu, na sukari, na mafuta. Kwaresima ilipofika nilizidisha, nikakaa bila kitu mpaka jioni siku zote arobaini. Watu wakanisifu: "Karani wetu ni mtu wa kiasi."

Kumbe usiku, nyumba nzima ikisha lala, nilinyata mpaka jikoni. Nilifunua sufuria gizani, nikala kiporo cha ugali na dagaa nikiwa nimesimama. Nilikula matobolwa, nikalamba sukari kwa kiganja, mpaka tumbo likaniuma. Nilitaka kuacha, lakini mkono haukunitii. Kisha nililala na fedheha yangu, na kesho yake nikajinyima zaidi ili kulipa deni la usiku.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, panya wa nyumba hii wana akili. Wanafunua sufuria, halafu wanaifunika tena." Nilinyamaza. Siku nyingine sukari ilipungua sana, na mtoto wetu wa pili akachapwa kwa ajili yake. Mimi baba yake nilisikia kilio chake chumba cha pili, nikanyamaza vilevile. Usiku ule sikwenda jikoni. Nilimwamsha mke wangu nikamwambia, "Mama watoto, panya ni mimi." Asubuhi nilimwomba mtoto msamaha mbele ya ndugu zake.

Mke wangu hakunicheka. Alinipeleka kwa mtawa mmoja muuguzi. Nilidhani Sista atanihubiria juu ya ulafi. Badala yake aliniuliza, "Mchana wakula nini?" Nikajibu, "Sili kitu, Sista." Akasema, "Basi hapo ndipo ugonjwa wako unapoanzia."

Akanieleza habari za Marekani. Mwaka 1944 profesa mmoja, jina lake Ancel Keys, aliwachukua vijana wa kiume 36 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, watu wazima wa afya waliojitolea wenyewe. Mwaka 1945 walipewa chakula kidogo kwa muda wa majuma 24, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Watu hao hawakuwa walafi. Lakini mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Waliota chakula usiku, wakasoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Walipoachiwa kula tena, baadhi yao walifakamia chakula mpaka wakaugua, na hata tumbo lilipojaa walisema wana njaa. Mwili ulionyimwa haukuamini tena kwamba kesho utalishwa.

Si kila mgonjwa wa namna hii ameanza kwa kujinyima. Wengine hula hivyo kwa huzuni, au kwa mashaka ya moyoni. Lakini ni ugonjwa wa kweli. Madaktari wa akili wa Marekani waliuandika kuwa ugonjwa wa peke yake mwaka 2013. Dalili zake ni kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kushindwa kujizuia, na kujichukia baadaye, tena mara kwa mara kwa miezi. Alaye sana siku ya arusi hana ugonjwa huo.

Dawa niliyopewa ilinishangaza: kula! Asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, nisipitishe saa nne bila kutia kitu kinywani. Nile nimeketi, penye mwanga, pamoja na watu wa nyumbani. Chakula nilichojikataza nikirudishe kidogo kidogo mezani, pasiwe na kilichoharamishwa. Na nikianguka usiku, kesho nisijiadhibu kwa njaa, bali ninywe uji wangu kama kawaida.

Majuma ya kwanza niliogopa sana. Nilidhani nikionja kiazi kimoja nitamaliza kapu. Lakini wazee wetu Wasukuma walilijua jambo hili zamani. Viazi vikivunwa, vingine walivikata vibichi wakavianika, ndiyo michembe. Vingine walivichemsha kwanza, ndiyo matobolwa. Waliviweka akiba, wakavitoa kwa kipimo mpaka mavuno mengine. Penye akiba inayojulikana hapana anayegombania chungu. Mwili wangu nao, ulipoona uji haukosi kila asubuhi, ukaacha kuiba usiku. Haukuacha siku moja. Mwaka jana niliteleza mara mbili. Lakini nilimwambia mke wangu asubuhi ileile.

Wengine watauliza, "Na kufunga je?" Sheria ya Kanisa hutudai kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 mpaka aanze mwaka wake wa 60. Hata siku hizo mtu hula mlo mmoja kamili, na kidogo mara mbili nyingine. Mgonjwa husamehewa. Kufunga kwangu kwa siku arobaini bila kitu sikuagizwa na mtu. Nilikuita Kwaresima, lakini kilikuwa kiburi cha kiuno. Mwenye shida hii na azungumze na padre wake kabla ya kufunga.

Uhuru huu si ruhusa ya kula ovyo. Mwenye kisukari asiache maagizo ya daktari wake, bali amweleze wazi shida ya usiku, maana daktari hawezi kutibu asichokijua. Shida ikizidi, hospitali kubwa zina wataalamu wa magonjwa ya akili, na kwenda kwao si kwenda kwa wendawazimu.

Nanyi wazazi, msimtanie binti kwa unene wake, wala msimsifu kwa kukataa chakula. Na sukari ikipungua, msiharakishe kushika fimbo. Mwulizeni kila mtu kwa upole, hata baba mwenye nyumba.