Sotoka na Dawa Yake

Mtu akitoka Karatu na kupanda hata ukingoni mwa Ngorongoro, huona chini yake bonde kubwa la mviringo, na nyumbu, nyati na pundamilia wametapakaa majanini. Lakini Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipofika huko Machi 1892, alikuta Wamasai waliokonda kwa njaa, wamebaki mifupa mitupu, kwa maana ng'ombe wao walikuwa wamekufa.

Ugonjwa uliowaua ni sotoka, nao haukuwa wa nchi hii. Waitalia walipoleta ng'ombe kwa merikebu kuwalisha askari wao katika pwani ya Bahari ya Shamu, sotoka ilishuka pamoja nao, yapata mwaka 1887. Ikashika njia ya kusini, na mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi.

Basi, dawa nayo ilisafiri. Katika miaka ya 1920, huko Bara Hindi, J. T. Edwards alikipitisha kijidudu cha sotoka katika mbuzi mmoja baada ya mwingine mpaka ukali wake ukapungua, kisha akachanjia ng'ombe. Maarifa hayo yalifika Kabete, nchi ya Kenya. Lakini ng'ombe dhaifu waliugua kwa chanjo yenyewe. Ndipo Walter Plowright, huko Muguga karibu na Nairobi, alipokikuza kijidudu katika chembe za figo la ndama, akikihamisha mara 90 hivi, hata kikapoteza nguvu ya kuua, kikabaki kuufundisha mwili kujilinda. Ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingika maisha yake yote.

Ilibaki taabu ya barafu, maana dawa hiyo iliharibika upesi juani. Katika miaka ya 1980 Jeffrey Mariner, Mmarekani, alipata njia ya kuikausha ikakaa mwezi mzima bila barafu. Na kule Karamoja wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja.

Ajabu ni hii: hakuna aliyewachanja nyumbu, lakini ng'ombe walipokingwa, nyumbu nao walipona, kwa kuwa waliambukizwa na ng'ombe. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipita milioni moja kabla ya 1980.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Kabla yake, ndui peke yake ndio uliokuwa umekomeshwa hivyo. Ndama azaliwaye Karatu leo hachanjwi tena sotoka.